Homa Imeshuka, Mishipa Inavuja: Dengi Kali Inavyomwangusha Mgonjwa

Waliougua dengi Dar es Salaam mwaka 2014 au 2019, au Mombasa mwaka 2013, wakikusimulia ugonjwa huo watakuelezea homa: mwili unawaka, macho yanauma kwa nyuma, kiuno hakinyooki, mtu hana hamu hata ya maji. Ni nadra mtu kukusimulia siku ya tano. Kumbe tabibu anayeijua dengi hababaishwi sana na joto la nyuzi 40 la siku ya pili. Anachokihofia ni siku ya nne, ya tano au ya sita, pale kipimajoto kinaporudi nyuzi 37, ndugu wanashusha pumzi, mgonjwa anaomba arudishwe nyumbani, kisha jioni anaanza kulalamika tumbo.

Hilo ndilo fumbo la dengi kali. Mtu anazidiwa wakati homa inaondoka na virusi vilivyomo kwenye damu vimeshapungua sana. Na kinachomwangusha mara nyingi si kutokwa damu, japo vitabu vya tiba kwa miongo mingi viliiita hali hiyo homa ya dengi ya kutokwa damu. Kinachomwangusha ni kwamba sehemu ya majimaji ya damu yake imetoka ndani ya mishipa, ikaenda kukaa kifuani na tumboni. Hakuna tone lililomwagika sakafuni, lakini moyo umekosa cha kusukuma. Shirika la Afya Duniani lilipopanga upya madaraja ya dengi mwaka 2009, jina la kutokwa damu liliwekwa kando. Uvujaji mkubwa wa majimaji ukawa alama ya kwanza ya dengi kali, pamoja na kutokwa damu kwingi na kuharibika kwa viungo kama ini, moyo na ubongo.

Wengi hawafiki huko. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hukadiria kwamba kati ya watu wanne walioambukizwa, mmoja tu ndiye anayeugua, na kati ya ishirini wanaougua, mmoja huingia kwenye dengi kali. Makala haya yanamhusu huyo mmoja, na yanauliza swali moja: mishipa yake imefanywa nini?

Ukuta wa safu moja

Mishipa inayovuja si ile mikubwa inayoonekana mkononi. Ni kapilari, vishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo zikifuatana moja moja. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli, iitwayo endothelia. Ukuta huo haukuumbwa kuzuia kila kitu. Oksijeni, sukari, chumvi na maji ni lazima vitoke, maana ndivyo vinavyolisha mwili. Kinachotakiwa kubaki ndani ni chembe za damu na protini kubwa, hasa albumini inayotengenezwa na ini, kwa sababu albumini ndiyo inayoyashikilia maji yasihame yote. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anaijua kanuni hiyo: tui lipite, chicha ibaki. Kifumbu kikilegea, chicha nayo inapita.

Mambo mawili yanaulinda ukuta huo. La kwanza ni viungio kati ya seli na seli, protini zinazoshikana ubavu kwa ubavu na kubana nafasi iliyo katikati. La pili ni utando laini ulioko upande wa ndani, unaogusana na damu moja kwa moja, uliofumwa kwa minyororo ya sukari na protini. Wataalamu wanauita glaikokaliksi. Kwa muda mrefu utando huu ulipuuzwa, kwa sababu njia za kawaida za kuandaa tishu kwa ajili ya hadubini ziliuharibu kabla mtu hajauona. Siku hizi inaeleweka kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuchuja inafanywa na utando huo. Minyororo yake ya sukari ina chaji hasi, na albumini nayo ina chaji hasi, kwa hiyo albumini inasukumwa irudi katikati ya mkondo wa damu.

Hata mtu mzima wa afya anavuja kidogo kila siku. Majimaji hayo huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye mzunguko bila mwenyewe kujua. Katika dengi kali, kinachotoka kinazidi kinachorudi, na kinatoka pamoja na albumini. Albumini ikishatoka, maji yanaifuata huko iliko. Ndiyo maana uvujaji huu hauzuiliki kwa kumwambia mgonjwa apumzike.

Protini inayotumwa na kirusi

Mtu angedhani virusi vya dengi huingia kwenye seli za endothelia na kuzitoboa. Sivyo hasa. Mbu aina ya Aedes aegypti, huyu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, akishaviingiza virusi chini ya ngozi, shabaha yao kuu ni seli za kinga zenyewe: monosaiti, makrofaji na jamaa zao. Humo ndimo vinamozaliana. Uchunguzi wa maiti za waliokufa kwa dengi haujaonyesha kuta za mishipa zikiwa zimeteketea kwa wingi. Na kuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi: mgonjwa akivushwa salama, uvujaji unakoma wenyewe ndani ya saa 24 hadi 48. Ukuta uliobomoka haujengeki kwa siku mbili. Ukuta huu ulilegezwa tu, kisha ukabana tena.

Nani anaulegeza? Jibu la kuvutia kuliko yote limepatikana katika miaka kumi hivi iliyopita, na mhusika wake ni protini iitwayo NS1. Kirusi cha dengi kina protini kumi. Tatu zinaujenga mwili wake. Saba zilizobaki ni za kazi ndani ya seli kilimoingia. NS1 ni mojawapo ya hizo saba, lakini ina tabia ya peke yake: seli iliyoambukizwa huimwaga nje, nakala sita zikiwa zimeshikana na kubeba mafuta katikati yake, nayo huzunguka kwenye damu. Kipimo cha haraka cha dengi kinachotumika kwenye vituo vya afya katika siku za mwanzo za homa huitafuta protini hiyohiyo. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Thailand na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliokuwa na NS1 nyingi mapema ndio walioelekea zaidi kwenye aina kali ya ugonjwa.

Miaka mingi NS1 ilichukuliwa kuwa alama tu ya kwamba kirusi kipo. Mwaka 2015 timu mbili, moja ya Eva Harris katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na nyingine ya Paul Young katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, zilitoa matokeo kwa pamoja yaliyogeuza fikra hiyo. Wa Berkeley waliwapa panya NS1 peke yake, bila kirusi, na mishipa ya panya ikavuja. Panya waliotangulia kuchanjwa kwa NS1 walipona hata walipopewa kirusi cha kuua. Wa Queensland walionyesha kwamba NS1 inabonyeza kipokezi kiitwacho TLR4 kwenye seli za kinga. Kipokezi hicho ndicho mwili unachotumia kutambua sumu za bakteria, zile zinazosababisha mshtuko wa maambukizi kwenye damu, mshtuko ukiwa ni hali ya viungo kukosa damu ya kutosha. Yaani kirusi kinaamsha king'ora ambacho kwa kawaida huamshwa na bakteria.

Mwaka uliofuata timu ya Berkeley ilikwenda mbele zaidi. Waliotesha seli za endothelia maabara, bila seli hata moja ya kinga karibu, wakazimwagia NS1. Glaikokaliksi ikaanza kubanduka. NS1 ilikuwa imezichochea seli zenyewe ziamshe vimeng'enya vyao, kathepsini L na heparanazi, vinavyokata minyororo ya heparani salfeti, pamoja na vingine vinavyong'oa asidi ya sialiki. Vipande vya sindekani-1, mhimili mmojawapo wa utando huo, vikaonekana vikielea. Vipande vya namna hiyo hupatikana pia kwenye damu ya wagonjwa wa dengi, na huongezeka kadiri uvujaji unavyokuwa mkubwa. Ukitaka maoni yangu, hapa ndipo habari yote ya dengi inapokaa sawa: kirusi hakina haja ya kuugusa mshipa. Kinatuma protini, na mshipa unajivua utando wake wenyewe.

Utafiti wa baadaye wa timu hiyo uliongeza jambo jingine. NS1 ya dengi hulegeza seli za mishipa ya mapafu, ngozi, ini na ubongo. Ile ya Zika hulegeza zaidi za ubongo na kitovu. Ile ya kirusi cha West Nile hulenga za ubongo. Kila kirusi cha ukoo huu kina mishipa inayokitii. Hilo linaendana na yale madaktari wanayoyaona wodini.

Lakini NS1 haifanyi kazi peke yake, na tungekuwa tunarahisisha mno tukiishia hapo. Seli za kinga zilizoamshwa humwaga kemikali nyingi za kuitana, na baadhi yake, mfano ile iitwayo TNF, huvilegeza vile viungio vya kati ya seli na seli. Seli za masti, ambazo kwa kawaida tunazilaumu kwa mzio na pumu, hupasua vifuko vyao vya histamini na kimeng'enya kiitwacho kaimezi pembeni kabisa mwa mishipa. Endothelia nayo huachia angiopoietini-2, ambayo huiambia jirani yake legea. Mambo haya yanapopangana katika saa zilezile, yaani utando umebanduka na viungio vimefunguka, albumini inapita. Hapo ndipo unapopatikana ule ukawiaji wa ajabu: virusi vinafika kilele siku za mwanzo pamoja na homa, lakini mwitikio wa mwili unafika kilele chake siku kadhaa baadaye, virusi vikiwa vinaondoka.

Kwa nini safari ya pili

Kuna aina nne za virusi vya dengi, namba 1 hadi 4. Ukiugua aina moja unapata kinga dhidi yake ya miaka mingi, pengine ya maisha, na kinga ya muda tu dhidi ya nyingine tatu. Muda huo ukiisha, kingamwili ulizo nazo, yaani protini za kinga zinazokishika kirusi, zinaweza kukugeuka.

Scott Halstead, daktari Mmarekani aliyefanya kazi Bangkok katika miaka ya 1960, aliona jambo lisiloeleweka. Watoto waliokuwa wakiingia kwenye mshtuko walikuwa wa makundi mawili. Kundi moja ni la waliokuwa wakiambukizwa kwa mara ya pili. Kundi la pili ni la wachanga wa miezi michache wanaoambukizwa kwa mara ya kwanza kabisa, ila mama zao walikuwa wameshawahi kuugua. Kinachounganisha makundi haya ni kingamwili: mmoja anazo zake, mwingine amerithi za mama. Kingamwili za aina ya kwanza zinakishika kirusi cha aina ya pili bila kukimaliza nguvu. Makrofaji, ambayo kazi yake ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili, inakimeza kirusi kikiwa hai na kukiingiza mahali kinapopapenda. Virusi vinaongezeka, NS1 inaongezeka, na mishipa inalipa gharama.

Cuba ilitoa ushahidi ambao hakuna maabara ingeweza kuupanga. Mwaka 1977 aina ya 1 ilienea kisiwani kote, ikaugusa umma mkubwa, bila maafa. Mwaka 1981 ikaja aina ya 2: wagonjwa 344,203 waliandikishwa na watu 158 wakafa, 101 kati yao wakiwa watoto. Kisha udhibiti mkali wa mbu ukaisafisha nchi kwa muda mrefu. Mwaka 1997 aina ya 2 ikarudi katika mji wa Santiago de Cuba, na safari hii waliokufa wote walikuwa watu wazima. Watoto waliponea wapi? Walikuwa wamezaliwa baada ya mambo yale kuisha. Hawakuwahi kukutana na aina ya 1. Waliokuwa hatarini ni waliokuwa wamebeba kingamwili kwa miaka ishirini.

Si kwamba kila mwenye kingamwili yuko hatarini. Utafiti uliofuatilia watoto wa Nikaragua kwa miaka zaidi ya kumi, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba wenye kingamwili nyingi walilindwa, wasio nazo kabisa walikuwa na hatari ya kawaida, na waliokuwa na kiasi cha katikati ndio walioongoza kwa ugonjwa mkali. Mwaka huohuo kampuni ya Sanofi ilitangaza kwamba chanjo yake ya Dengvaxia iliongeza uwezekano wa dengi kali kwa wale ambao hawajawahi kuambukizwa kabla ya kuchanjwa. Ufilipino ilikuwa imeshachanja watoto wa shule zaidi ya 800,000, na ikasimamisha mpango wote. Chanjo ilikuwa imeuigiza uambukizo wa kwanza.

Kwa pwani yetu jambo hili si la mbali. Malindi ilipata mlipuko wa aina ya 2 mwaka 1982. Mombasa ya 2013 ilikuwa na aina tatu kwa mpigo. Dar es Salaam ya 2014 ilikuwa aina ya 2, na mwaka 2019 wagonjwa walipita 6,000. Mtu aliyekulia Kariakoo au Likoni anaweza kuwa amepitiwa na aina mbili bila kujua, akidhani ni malaria iliyokataa kuonekana kwenye kipimo. Data za Cuba za 1981 zilionyesha pia kwamba watu wenye asili ya Afrika waliingia kwenye dengi kali kwa uchache kuliko weupe, na watafiti wameanza kuzitafuta jeni zinazohusika. Ni habari ya kupoza moyo kidogo. Ila kidogo tu: mlipuko wa Dar es Salaam mwaka 2014 ulikuwa na vifo.

Namba zinazosema ukweli

Majimaji yakishahama, mwili unajitetea kwa ustadi unaoweza kumpumbaza anayemwangalia mgonjwa. Mishipa ya mikono na miguu inajibana ili damu iliyobaki ipelekwe kwenye ubongo na moyo. Kwa hiyo mgonjwa anaendelea kuongea vizuri, anajibu maswali, anaulizia chakula cha wenzake. Ukimpima presha, namba ya juu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Itazame namba ya chini. Kwa sababu ya mishipa kujibana, namba ya chini inapanda kuifuata ya juu. Presha ya 110 kwa 70 ni nzuri. Presha ya 110 kwa 95 kwa mgonjwa wa dengi ni mshtuko ambao bado haujajitangaza. Tofauti ya namba hizo mbili ikifika 20 au chini yake, hakuna kungoja. Viganja vinakuwa baridi, mapigo yanakimbia, na ukibonyeza ukucha kisha ukauachia, wekundu unachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Namba ya juu ikija kuanguka, mwili umeshaishiwa mbinu, na wakati mwingine kutoka hapo ni dakika tu.

Namba nyingine ni hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kwa asilimia. Chembe haziwezi kutoka kwenye mshipa unaovuja. Maji yanatoka, zenyewe zinabaki, damu inakuwa nzito. Hematokriti ikipanda kwa sehemu moja ya tano, mfano kutoka 40 hadi 48, uvujaji ni mkubwa. Hapa kuna mtego kwa nchi zetu. Mtoto mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria za mara kwa mara, minyoo au siko seli anaweza kuanza na 30. Akifika 36 amevuja sana, lakini karatasi ya maabara itasema ni kawaida. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Kinachosema ukweli ni mwendo wa namba kutoka siku hadi siku, na faida kubwa ya kupima damu siku ya pili ya homa ni kupata cha kulinganishia siku ya tano.

Ultrasaundi ya kifua na tumbo, pale ilipo, inaweza kuonyesha maji kwenye utando wa mapafu au ukuta wa kifuko cha nyongo uliovimba kabla presha haijabadilika. Watoto wadogo wanavuja upesi kuliko watu wazima. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya vimeonyesha kwamba kapilari za mtoto zinapitisha maji kirahisi zaidi hata bila ugonjwa, na zinabana kadiri umri unavyoongezeka.

Na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo kila ndugu wa mgonjwa anaziulizia? Zinashuka kwa kweli, kwa sababu uboho unapunguza kuzitengeneza na nyingine zinaangamizwa ndani ya damu. Kushuka kwa ghafla, hematokriti ikipanda, ni dalili ya hatari. Lakini tumezipa heshima isiyo yao. Watu wanatwanga majani ya mpapai usiku wa manane ili namba ipande, na wengine wanazunguka mji kutafuta mtu wa kutoa damu, huku mgonjwa hajakojoa tangu asubuhi na hakuna aliyegundua. Jaribio lililofanyika Singapore na Malaysia, likachapishwa mwaka 2017, liliwaongezea chembe sahani watu wazima ambao zilikuwa zimeshuka hadi 20,000 au chini bila kutokwa damu. Hawakutokwa damu kwa uchache kuliko wasioongezewa, na madhara ya kuongezewa yalikuwa mengi zaidi.

Damu yenyewe inapotoka, sababu ni mchanganyiko. Mishipa ni dhaifu, chembe sahani ni chache, protini za kugandisha zimevuja pamoja na albumini, na ile heparani salfeti iliyokatwa kwenye utando, ambayo ni ndugu wa dawa ya kuyeyusha damu ya heparini, inaelea ikizuia damu isigande. Kutokwa damu kwa kutisha, hasa tumboni, kwa kawaida huja baada ya mshtuko kudumu muda mrefu. Ukizuia mshtuko, mara nyingi umeizuia na damu. Hapo ndipo lilipo kosa la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu hununua duka la dawa kwa maumivu ya viungo: zinachubua tumbo na kuzinyima nguvu chembe sahani chache zilizobaki. Panadol, kwa kipimo chake, inatosha.

Maji yasipungue, yasizidi

Hakuna dawa ya kuuziba mshipa. Steroidi zimejaribiwa na hazijaonyesha faida. Kinachofanyika ni kuujaza mshipa kwa kasi inayolingana na unavyovuja mpaka ujibane wenyewe. Kwa anayekunywa, hiyo ni ORS, madafu, maji ya matunda na uji mwepesi, mfululizo, na mlinzi wake ni mkojo: apate haja ndogo kila saa nne hadi sita. Asiyeweza kunywa, anayetapika bila kukoma, anayeumwa tumbo, anayetoka damu kwenye fizi au puani, au aliyelegea na kuhangaika bila sababu, huyo ni wa hospitali, hata kama homa imeisha. Hasa kama homa imeisha.

Hospitali anawekewa dripu ya maji yenye chumvi. Jaribio la Vietnam lililohusisha watoto 512 wenye mshtuko wa dengi, lililochapishwa mwaka 2005, lilionyesha kwamba kwa mshtuko wa wastani maji ya Ringer, ya bei nafuu na yaliyopo karibu kila wodi, yanafanya kazi sawa na maji mazito ya bei kubwa. Alikufa mtoto mmoja tu kati ya hao wote. Bila matibabu, dengi kali inaweza kuua zaidi ya watu 20 katika kila 100. Palipo na wauguzi wanaoijua, haifikii mmoja.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kila lita inayoingia, sehemu yake itavuja ifuate njia ileile ya kifuani na tumboni. Ukitoa kidogo, moyo unakosa damu. Ukitoa nyingi, mapafu yanazamishwa. Kwa hiyo dripu ya dengi haifunguliwi na kuachwa. Huanza kwa kasi, kisha hupunguzwa kila baada ya saa chache kwa kufuata presha, mkojo na hematokriti, na kuwekea mgonjwa maji mengi siku za mwanzo, kabla uvujaji haujaanza, hakumkingi na chochote.

Halafu uvujaji unakoma. Endothelia inafuma upya utando wake, viungio vinabana, na maji yote yaliyokuwa yamekaa kifuani na tumboni yanaanza kurudi kwenye mishipa kwa siku mbili au tatu. Hamu ya kula inarudi, mkojo unakuwa mwingi, mapigo yanatulia na wakati mwingine yanakwenda polepole, na ngozi inaweza kutoka upele mwekundu wenye mabaka meupe, unaowasha sana viganjani na miguuni. Hematokriti inashuka, na asiyejua anaweza kudhani mgonjwa anatokwa damu ndani. Saa hizo ndizo baadhi ya wagonjwa wanaopotea kwa kosa la huruma: wameshavuka, maji yao wenyewe yanarudi, na juu ya hayo dripu bado inatiririka kwa kasi ya jana. Muuguzi mzoefu akiona mgonjwa wa dengi ameomba chakula na amekojoa mara mbili usiku, jambo la kwanza analofanya asubuhi ni kuichomoa.